Kichupa cha Vidonge vya Damu

Mmeniomba ukurasa mmoja wa kuwatia moyo waajiriwa wapya, pamoja na picha yangu nikiwa nacheka. Picha hiyo sina. Ukurasa mmoja hautoshi, na sina hakika kwamba nitakayoyasema yatamtia mtu moyo. Nimestaafu juzi tu. Kila asubuhi bado naamka nikitafuta mkoba wa fomu, kwa hiyo hasira zangu hazijapoa. Afadhali niandike sasa, maana nikingoja nitaanza kusema kwamba kila kitu kilikuwa kizuri.

Vyeo sitaviandika. Niliingia nikiitwa Bi Rukia na nimetoka nikiitwa Bi Rukia.

Kabla ya hapo nilikuwa masjala ya hospitali, kazi yangu ikiwa kutafuta mafaili yaliyopotea. Mradi wa utafiti ulikuja visiwani kufuatilia wajawazito wenye virusi vya UKIMWI, kuona kama dawa wanazokunywa zinawakinga wao na watoto wao, na kama haziwakingi, kwa nini. Walitaka mwanamke wa hapa, anayejua kuandika, asiyeogopa bahari. Hilo la tatu niliwadanganya. Miaka yote hii nimetapika kuanzia gati ya Amu, yaani Lamu, hadi Faza, na hakuna fomu iliyowahi kuniuliza.

Siku ya kwanza nilitarajia kufundishwa habari za virusi. Sista Mwanakombo, muuguzi aliyenipokea, alinifundisha kupita ndiani, yaani njiani. Alinitembeza ufukoni mpaka sokoni na kurudi, akinieleza kwamba nikimwona mwanamke ninayemhudumia, nisimsalimu kwanza. Akinisalimu, nimjibu kama ninavyomjibu mtu yeyote. Asiponisalimu, simjui. Jambo hilo ni dogo kwa mtu wa Nairobi. Amu, ukimpita mtu bila salamu, kabla ya adhuhuri ukoo mzima umeshajua. Haikupita miezi mitatu shangazi yangu akamwendea mama kumuuliza kazi gani hiyo iliyomtia Rukia kiburi. Sikuweza kumjibu. Mpaka leo ananiona mwenye kiburi.

La pili alilonifundisha Sista ni chai. Nikiingia nyumba ya mgonjwa nikakaribishwa chai, ninywe, hata kama nimeshakunywa nyumba nne. Ukikataa, alisema, umemwambia mwenye nyumba kwamba vyombo vyake vina ugonjwa, na hata ukikaa naye saa nzima ukimweleza kwamba virusi haviambukizwi kwa kikombe, hatakusikia tena. Hilo haliko kwenye mwongozo wowote. Mwongozo una kurasa nane kuhusu jinsi ya kunawa mikono.

Kuhusu fomu nitasema kidogo, maana nikisema sana sitamaliza. Fomu yetu ya kwanza ilitungwa na watu wa mjini, watu wenye elimu kubwa, na ilikuwa na swali hili: mshiriki alisafiri kwa basi, pikipiki, gari binafsi, au miguu? Na chini yake: umbali kwa barabara, kilomita ngapi? Nilikuwa nimemjazia mama mmoja wa Siyu. Nikaandika ukweli, kwamba alitembea mpaka kwenye hori, ule mkono wa bahari, akangoja maji yajae, akapanda boti. Fomu ikarudi imezungushiwa kalamu nyekundu. Nikaandika hakuna barabara. Ikarudi tena. Mwishowe Sista akaniambia niandike sufuri nipumzike. Kwa hiyo katika kompyuta za mradi, watu wa Siyu hawajawahi kusafiri. Wanatokea tu pale kliniki.

Na damu. Damu ya kupimia wingi wa virusi haingoji mtu. Inatakiwa ifike kwenye mashine siku ile ile, ikiwa baridi. Niliibeba kwenye kasha la barafu linalofanana kabisa na makasha ya wauza kamba wa baharini, na hakuna gati ambayo sikuulizwa bei. Safari moja, uwanja wa ndege wa Manda, kasha liliwekwa juani ili mabegi ya wageni yakae kivulini. Ilibidi niwarudie wanawake wote wa wiki ile, nyumba kwa nyumba, niwaombe damu mara ya pili bila kuwaambia ile ya kwanza iliharibikia wapi. Mmoja aliniuliza kama tunainywa.

Sasa nifike kwenye kichupa, ambacho ndicho kilichonifanya nikubali kuandika.

Miaka ile ya mwanzo dawa zilikuja katika kopo jeupe la plastiki. Ukilitikisa linalia, na kila mtu visiwani alikuwa ameshajua mlio wake. Wanawake wengine walilitupa kopo baharini mara tu walipoondoka kliniki, wakafunga vidonge kwenye pindo la leso. Jasho likavilainisha, vikawa unga. Wengine waliacha dawa kabisa. Kipungani kulikuwa na mama mmoja, msukaji wa mikeka, aliyeficha kopo ndani ya mzigo wa ukili. Mzigo ukauzwa. Alikuja kwangu hana dawa hata moja, akiuliza ni nani atakayefungua mzigo ule.

Nilikasirika mpaka nikapata akili. Kila mjamzito, awe na virusi au asiwe navyo, hupewa kliniki vidonge vya kuongeza damu. Hakuna mume wala mkwe anayeshangaa kuvikuta nyumbani. Kwa hiyo niliwaambia wanawake wangu watie dawa zao ndani ya kile kichupa cha vidonge vya damu. Kidonge cha virusi ni kikubwa cheupe, cha damu ni kidogo chekundu, haviwezi kuchanganyika machoni. Sista Mwanakombo hakupenda. Alisema dawa ikae kwenye kopo lenye jina lake. Nikamjibu kwamba kopo lenye jina lake liko chini ya bahari. Akageukia kazi yake, na mimi nikaona nimeshinda.

Na kweli ilifanya kazi. Wanawake waliokuwa wamepotea walirudi, vipimo vikashuka. Kwenye mkutano mmoja mkuu wa mradi alinisimamisha akanisifu mbele ya watu. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Sista alistaafu mwaka uliofuata, nikabaki mimi ndiye mwenye kufundisha.

Dawa ile ya zamani ilinywewa usiku, kwa sababu ya kizunguzungu na ndoto mbaya. Kisha ikaja dawa mpya. Kidonge kimoja, hakina ndoto, chaweza kunywewa wakati wowote. Mafunzo yake yalifanyika Mombasa. Walikwenda watu wa ofisini. Sisi tunaoingia majumbani tulikuwa majumbani. Tuliletewa karatasi moja ya Kiingereza, yenye maandishi madogo kama chawa, nikaitia sahihi juu ya goti langu pale gatini, boti imeshawasha mashine. Nilichokisikia ni kwamba sasa wanaweza kunywa asubuhi. Nikawaambia. Walifurahi sana, na mimi nikafurahi.

Ndipo nikampata mama ambaye nitamwita Fatma. Jina si lake, na kijiji sikitaji. Visiwani ukitaja kijiji umeshamtaja mtu. Alikuwa upande wa Pate, mimba yake ya pili, mumewe fundi wa ujenzi huko bara. Mume alijua na alikuwa akinywa dawa zake hukohuko. Aliyekuwa hajui ni mavyaa, yaani mama wa mume, ambaye Fatma aliishi naye chini ya paa moja. Kichupa chake cha vidonge vya damu kilikaa dirishani, wazi kabisa, na mavyaa ndiye aliyekuwa akimkumbusha kukinywea.

Mimba ikiwa na miezi sita, kipimo chake kilirudi na virusi vingi. Tukarudia, vikawa vingi vilevile. Mimba ilikuwa inakwenda mwezi wa saba, na kila mmoja wetu alijua maana yake kwa mtoto. Daktari Achieng', aliyekuwa akisimamia kituo chetu, alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Aliniagiza nikamtembelee Fatma bila kumpa habari, nihesabu vidonge vyake.

Nilivihesabu. Havikuzidi wala kupungua hata kimoja. Niliporudi na jibu hilo, mkutano mzima ulikubaliana kwamba basi anavitupa. Mtu akinywa dawa hii kila siku, walisema, haiwezekani damu iwe hivi. Katika faili lake ikaandikwa kwamba hanywi dawa. Nami nilikuwamo katika mkutano huo, na sikusema neno. Nilikuwa nimeudhika naye. Miaka yote nimepanda boti kwa ajili ya watu hawa, nilijiambia, na huyu anatuchezea na mtoto yuko tumboni.

Nikarudi mara ya pili. Mavyaa alinikaribisha chai, akijua mimi ni mtu wa kliniki ya wajawazito, akasimulia jinsi mkwewe anavyochefukwa na chakula asubuhi mpaka jua lipande. Nilikunywa chai yote kwa haraka. Kisha Fatma akaniingiza ndani, akafunga pazia, nami sikuzunguka kwa maneno.

“Fatma, vidonge hivi unavitupa wapi?”

Hakulia, na hakupandisha sauti, maana pazia si ukuta.

“Nazinwa, Bi Rukia. Kula siku.”

Nilimwambia kama anavinywa kila siku, mbona damu yake inasema vingine.

“Basi hiyo damu yenu ina uwongo,” alisema. “Mimi sina.”

Nilimweleza yatakayompata mtoto, kwa maneno makali kuliko ninavyopenda kukumbuka. Alinisikiliza mpaka mwisho huku mkono wake uko tumboni. Nilipotoka, maji yalikuwa yameshatoka horini na boti imekaa juu ya tope. Ilibidi nilale palepale, katika nyumba ya mwanamke niliyemwita mwongo, nikala wali wake, nikatandikiwa mkeka bora kuliko wa mavyaa wake.

Alfajiri, baada ya kuswali, nilimwona akitoa kichupa dirishani. Alimimina kiganjani kidonge kimoja cheupe na kimoja chekundu, akavitia mdomoni kwa pamoja, akanywa maji. Alikuwa hajala kitu, na hakula mpaka karibu saa nne. Akaona namtazama.

“Kama ulivyotufundisha,” alisema, akifunga kichupa. “Zote nyumba moya.”

Ningependa kuwaambia kwamba nilielewa pale pale. Sikuelewa. Niliona tu mtu anakunywa dawa, na nikarudi Amu nikiwa na yakini kwamba amekunywa kwa sababu nilikuwapo. Njia nzima nilitapika na kunung'unika.

Aliyenifungua macho ni Bwana Baraka, mfamasia wa hospitali, kijana wa bara ambaye nilikuwa nikimwona mwingi wa maswali. Nilikwenda dirishani kwake kuchukua dawa za watu wengine, nikaanza kumlalamikia habari za mama mmoja, bila jina. Akauliza anakunywa na nini. Nikasema na maji. Akauliza, na nini tena? Nikamwambia, na vidonge vya damu, asubuhi, tumbo likiwa tupu. Aliweka chini kalamu aliyokuwa ameshika.

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mamake. Madini ya chuma yaliyo katika vidonge vya damu huishika dawa hii mpya ndani ya tumbo, hasa tumbo lisilo na chakula, na sehemu kubwa yake hupita bila kuingia mwilini. Dawa ile ya zamani haikuwa na tabia hiyo. Hii mpya, ama inywewe pamoja na vidonge vya damu na chakula, ama itangulie kwa saa mbili, ama ifuate baada ya muda wa saa sita kupita. Nikamuuliza hayo yameandikwa wapi. Alinitolea karatasi. Nikaijua mara moja. Nakala yake ilikuwa kwenye faili langu, na chini yake sahihi yangu, kwamba nimeisoma na nimeielewa.

Sitaeleza nilivyojisikia. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka mtu akaniuliza kama nimeshaonwa.

Daktari Achieng' alinisikiliza kwanza akiwa amesimama, kisha akakaa. Alisema kwa haki kwamba hawezi kuapa kuwa ni hilo peke yake, kwamba huenda virusi vyenyewe vimekuwa sugu, na kwamba tutajua tukitenganisha dawa na kupima upya. Nikasema vyema. Nikamwomba lakini alifute lile neno kwenye faili, kwamba Fatma hanywi dawa. Akasema fomu ina nafasi mbili tu, anayefuata maelekezo na asiyefuata, na huyu kitaalamu hakufuata.

“Alifuata,” nikamwambia. “Maelekezo yalikuwa yangu. Kama kuna nafasi ya kumwandika mshauri, niandike mimi.”

Alichukua faili, akalikata lile neno kwa kalamu yake na kuweka sahihi kando. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelikimbia tangu dirishani kwa Baraka: wanawake wangapi nimewaambia watie dawa kwenye kichupa hicho?

Sikujua. Ushauri hauandikwi. Tulikuwa na fomu ya kuhesabu kalamu za ofisi, na hatukuwa na ya kuandika tunawaambia nini watu.

Kwa Fatma nilikwenda kesho yake. Nilimwambia yote, hata habari ya sahihi. Nikamwomba radhi. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha.

“Radhi nishakupa,” alisema. “Sasa niambia ninwe vipi.”

Tukapanga: cha damu mchana baada ya chakula, kile kikubwa usiku pamoja na chakula cha jioni. Kichupa kingine nilichotaka kumletea kilikuwa cha vidonge vya kiungulia, nacho Baraka alinikataza kabla sijatoka mlangoni kwake, kwa kuwa dawa za kiungulia zina mambo yaleyale. Mwishowe tulitumia kichupa cha wanja. Mavyaa aliona mkwewe amependa kujipamba ukubwani, akaridhika.

Wiki zilizofuata nilizunguka visiwa vyote kufuta maneno yangu mwenyewe. Niliwakumbuka wanawake kwa milango yao. Siyu, Faza, Kipungani, Amu yenyewe. Kila nilipofika nilikuta kichupa kimenitangulia: niliyemwambia alimwambia mwingine, naye akamwambia mdogo wake aliyekuwa kliniki nyingine kabisa, mpaka ikawa ndiyo desturi. Neno zuri lilikuwa limesambaa kwa miaka mingi bila msaada, na sasa neno la kulirekebisha lilitaka kubebwa mlango kwa mlango, na aliyelibeba ni mimi, natapika. Yule mama msukaji wa mikeka alinicheka. Mwanzo mlisema tia, akasema, sasa mwasema toa, mwakani mtasema nini? Wengi hawakuwa na ujauzito tena wala vidonge vya damu, kwa hiyo hawakudhurika. Wengine siwezi kusema. Kuna vipimo vibaya vya nyuma ambavyo tuliviandika kwa haraka kuwa ni uzembe wa mgonjwa, na hakuna mtu atakayejua sasa. Mkinikuta nimenuna sokoni, mara nyingine ni hayo.

Mwezi mmoja baada ya kutenganisha, virusi vya Fatma vilikuwa vimeshuka sana. Karibu na kujifungua havikuonekana kwenye kipimo. Akazaa mtoto wa kike; mtoto akapewa dawa ya maji ya kumkinga, akapimwa wiki ya sita, akapimwa tena na tena kwa muda wote wa kunyonya. Kipimo cha mwisho nilikipeleka mwenyewe, mtoto akiwa na mwaka na nusu na tayari ananipora kalamu. Hana virusi. Fatma alinishika mkono akaushikilia, kisha akauliza jambo lililokuwa moyoni mwake muda wote huo. Alitaka kujua kama kule mjini, kwenye makaratasi yao makubwa, bado ameandikwa mwongo.

Nikamwambia daktari alishalikata lile neno. Nilimwambia kwa uhakika kabisa, kwa sababu nililiona kwa macho yangu.

Miezi michache kabla sijastaafu, ripoti ya mradi ilitoka. Imejalidiwa vizuri. Niliisoma yote, pamoja na maandishi madogo, maana siku hizi nasoma maandishi madogo. Kuna jedwali la wajawazito ambao virusi vyao havikushuka, na sababu kando ya kila mmoja. Hakuna majina, kuna namba tu, lakini namba yake naijua kama ninavyojua namba ya nyumba yangu. Sababu: mshiriki hakunywa dawa. Neno lilikatwa kwenye faili la kliniki. Hesabu za utafiti zilikuwa zimeshapelekwa mjini wiki ile ya mkutano, kabla neno halijakatwa.

Niliandika barua. Nikajibiwa kwa adabu kwamba hesabu zimefungwa. Daktari Achieng' naye aliandika, akajibiwa vivyo hivyo. Nikaandika ya tatu, na hiyo bado naingoja.

Basi, vijana, nafasi mliyonipa ni hii, na naitumia. Yule mshiriki alikunywa. Alikunywa kila siku, kama alivyoambiwa, na aliyemwambia vibaya ni mimi.